Kisima cha Mheshimiwa Huko Mwezini

Jumapili saa nne asubuhi, katika ukumbi mkubwa wa Wizara ya Maji na Anga za Juu mjini Amman, taifa lilitangaziwa rasmi kwamba tatizo la maji limekwisha. Limekwisha mwezini, kwa kuanzia. Mheshimiwa Waziri, Dk. Zuhdi Shahin, aliyatamka hayo akiwa amesimama wima, mkono mmoja kifuani, na waandishi wa habari wakayaandika bila kucheka, maana walikuwa wameahidiwa kunafa ya moto, kitamu cha jibini na shira, baada ya hotuba.

Msomaji anayeshangaa kwa nini maji na anga viwekwe katika wizara moja aelewe kwamba jambo hili lilifanyiwa utafiti. Mjini Amman maji hukaa kwenye tangi juu ya paa, na anga nayo huanzia juu ya paa. Kuunda wizara mbili kwa ajili ya paa moja ni ubadhirifu, na serikali haipendi ubadhirifu.

Mhandisi Wijdan Smadi alikuwa amesimama nyuma ya nguzo, mahali wanaposimamishwa watu waliofanya kazi. Kwa miaka tisa alikuwa ameunda roboti moja ndogo, ukubwa wa mashine ya kufulia, yenye magurudumu sita na keekee moja ya kutobolea. Aliipa jina la Saqqa, kama walivyoitwa wachota maji wa zamani waliopita mitaani na viriba mgongoni. Siku tatu kabla ya hotuba, Saqqa alikuwa ametua karibu na ncha ya kusini ya mwezi, ndani ya chombo cha nchi nyingine iliyokubali kumbeba kwa hisani. Pale alipotua kulikuwa na shimo kubwa ambalo sakafu yake haijaona jua tangu dunia iumbwe, na kwenye ukingo wake Wijdan aliamini kwamba mna barafu ya maji chini ya vumbi. Hilo tu ndilo alilotaka kulijua maishani. Wenzake walikuwa wameolewa, wamehamia Dubai, wamenunua magari. Yeye alitaka kujua kama kuna barafu.

Katika rasimu ya hotuba, Wijdan alikuwa ameandika hivi: "Roboti itatoboa tundu la sentimita arobaini na kupima kama mna barafu." Mheshimiwa alilisoma lile neno "tundu" mara mbili akiwa njiani kwenda jukwaani, akalikata kwa kalamu nyekundu.

"Tundu ni la panya," alimnong'oneza msaidizi wake. "Mtu wa hadhi yangu hatangazi tundu."

Basi taifa likasikia kwamba wizara itachimba kisima. Magazeti ya Jumatatu yote yaliandika KISIMA kwa herufi zinazoonekana kutoka ng'ambo ya barabara.

Na Jumatatu hiyohiyo, saa tatu kasorobo, barua ilishuka kutoka ghorofa ya tatu hadi chumba cha Wijdan kwenye ghorofa ya chini. Ilikuwa ya Idara ya Visima. Ilisema: "Imefahamika kwa idara, kupitia vyombo vya habari, kwamba mnakusudia kuchimba kisima bila kibali. Mnaamriwa kusimamisha shughuli zote za uchimbaji hadi taratibu zitakapokamilika. Keekee ifungwe lakiri."

Wijdan aliisoma akiwa amesimama. Akaangalia kalenda ukutani. Jua la mwezini hukaa juu kwa wiki mbili za huku kwetu, kisha huzama kwa wiki mbili nyingine, na Saqqa aliishi kwa jua. Pale aliposimama lingezama Alhamisi ya wiki ya pili. Likizama, baridi ingemgandisha betri na hataamka tena. Zilibaki siku kumi, na kati ya hizo mbili zilikuwa Ijumaa na Jumamosi, siku ambazo wizara hufungwa na jua la mwezini halifungwi.

Alipanda ngazi mbilimbili.

Mkuu wa Idara ya Visima alikuwa Bwana Atallah, ambaye jengo zima lilimwita Abu Fariz. Alikuwa na miaka thelathini na mmoja kazini, sweta ya sufi aliyoivaa hata mwezi wa Agosti, na kitabu cha kanuni alichokifunika kwa plastiki ya jikoni ili kisichafuke. Hakuwahi kupokea rushwa. Watu walikuwa wamejaribu kumpa, akawaandikia stakabadhi.

"Karibu, binti yangu. Umekunywa chai?"

"Nimekunywa. Abu Fariz, barua hii ni mzaha?"

"Idara haina bajeti ya mzaha."

"Lakini hiki si kisima! Ni tundu. Hata ngumi haiingii."

Abu Fariz alifungua faili jipya, akamgeuzia. Ndani yake mlikuwa na ukurasa wa kwanza wa gazeti, umekatwa vizuri kwa mkasi na kubandikwa. "Hapa pameandikwa kisima. Na aliyesema ni Mheshimiwa. Sasa niambie wewe mwenye elimu, niandike kwenye faili kwamba Mheshimiwa amesema uongo? Mimi, nimebakiza miezi saba nistaafu?"

"Andika alikosea neno."

"Waziri hakosei neno. Waziri anatumia neno, halafu sisi wengine tunatafuta lilipo kosa." Akamsogezea fomu ya kurasa sita. "Usinune. Wewe ni mtu wa nyumbani, nitakusaidia. Tuanze. Kiwanja kiko wapi?"

"Ncha ya kusini."

"Ya wilaya gani?"

"Ya mwezi, Abu Fariz."

"Mwezi uko mkoa upi?"

"Uko juu ya mikoa yote."

Abu Fariz akaandika, kwa mwandiko wa kupendeza: Mikoa yote. "Jirani wa karibu? Lazima jirani aridhie kwa maandishi."

"Kuna roboti ya nchi nyingine, kama kilomita sitini hivi. Ilikufa mwaka juzi."

"Mungu airehemu. Imeacha warithi?"

Wijdan alitaka kulia, kisha akataka kucheka, akaishia kukaa kitini na kuomba ile chai aliyosema amekwisha kunywa.

Hatuwezi kuilaumu idara. Nchi hii ina maji kidogo kuliko machozi yake, na kila mwenye shamba angeachiwa atoboe anapotaka, tungekuwa tumekauka zamani. Kanuni zilitungwa na watu wenye akili waliokuwa wakiwafikiria wezi wa maji. Hawakumfikiria Wijdan.

Jumanne alikwenda moja kwa moja kwa Mheshimiwa, akamsihi atoe masahihisho ya mstari mmoja gazetini: kwamba si kisima, ni tundu.

Mheshimiwa alimwangalia kwa huruma. "Mwanangu, unajua nimepigiwa simu na mabalozi wangapi kuhusu kisima hicho? Unataka niwapigie niwaambie nini? Samahani, nilimaanisha tundu?"

"Siku zinakwisha, Mheshimiwa. Saqqa atakufa."

"Hatakufa. Nimelitambua tatizo. Leo hii naunda Kamati ya Kuharakisha."

"Itakutana lini?"

"Baada ya wiki tatu. Mambo ya haraka yanahitaji maandalizi."

Jioni ile Wijdan alirudi kwao Jabal al-Nuzha. Ilikuwa Jumanne, siku ya maji ya mtaa wao, na kila jengo lilikuwa likinguruma kwa pampu. Mama yake, Bi Khazna, alikuwa amewasha mashine ya kufulia, amejaza sufuria, ndoo, beseni la kuogea na chupa zote za soda, kwa maana maji yale yakikatika asubuhi hurudi Jumanne nyingine. Katika mtaa wa Mheshimiwa, kule Abdoun, maji hutoka kila siku, kwa sababu za kiufundi.

"Nimesikia umefungiwa kazi kwa sababu ya kisima," mama alisema, mikono yake imejaa povu.

"Si kisima, mama."

"Gazeti linasema kisima." Akakamua shuka. "Miaka tisa unatafuta maji juu ya mwezi, na tangi letu linakauka kila Jumapili. Nilimwambia mama wa ghorofa ya pili, binti yangu akiyapata yale, sisi tuko wa kwanza kwenye foleni. Akanicheka."

"Yakiwepo hayatafika hapa, mama. Ni ya kujua tu kwamba yapo. Siku moja watu watakaoishi kule wayanywe, wapumue kwa hayo, waendeshe vyombo."

Bi Khazna aliitazama shuka, akamtazama binti yake aliyekuwa amekonda kwa siku mbili. "Basi nenda kamalize hizo karatasi," alisema. "Usikubali mtu aliyekalia kiti akushinde wewe uliyesimama. Kesho nitakufungia mkate wa majani ya zaatari, ule huko huko."

Wijdan akazimaliza. Mukhtari, yaani mzee wa mtaa, ambaye ni lazima athibitishe kwamba anakifahamu kiwanja, aliandika kwamba anaufahamu mwezi tangu utotoni, huuona mara kwa mara, na hajasikia baya lolote juu yake. Masjala ya Ardhi walitafuta siku nzima kama kuna mtu aliyewahi kuandikisha mwezi, wakakuta watu wanne wa ukoo mmoja wenye kesi mahakamani tangu enzi za babu yao. Kesi ilikuwa ya shamba liitwalo Mwezi, upande wa Madaba, lakini ilibidi kungojea hadi Jumapili hakimu aseme hivyo kwa maandishi. Na kila alfajiri, kabla ya kwenda kwenye ofisi za watu, Wijdan aliketi mbele ya kioo cha kompyuta yake na kumsogeza Saqqa hatua moja mbili kufuata jua, huku kivuli cha ukingo wa shimo kikirefuka upande wake.

Jumatatu ya wiki ya pili alikuja mkaguzi wa viwanja. Kanuni ilimtaka afike eneo la kisima na kupima. Alishuka ghorofa ya chini, akaonyeshwa kwenye kioo vumbi la kijivu na gurudumu la Saqqa, akaridhika na mandhari. Kisha akatoa futi ya kupimia, akaikaza kutoka kwenye kiti cha Wijdan hadi kwenye kioo, akaandika: mita mbili na nusu. Kwa hiyo kwenye faili za serikali kisima kile kiko mita mbili na nusu kutoka ofisini, na mpaka leo hakijahamishwa.

Jumatano ilikuwa imebaki nafasi moja tu kwenye fomu. Wijdan aliifikisha ghorofa ya tatu.

"Mmiliki wa kisima," Abu Fariz alisoma. "Nafasi hii ni tupu."

"Andika wizara."

"Haiwezekani. Wizara ndiyo inayotoa kibali, haiwezi kujiomba. Lazima awe mtu, mwenye kitambulisho na anwani."

"Basi niandike mimi."

Hapo mlango ulifunguka. Mheshimiwa alikuwa akipita kuelekea kwenye lifti, na masikio ya waziri husikia jina lake hata lisipotajwa. "Mmiliki wa nini?" aliuliza.

"Wa kisima, Mheshimiwa," alisema Abu Fariz, akisimama na kufunga kifungo cha sweta. "Kisima nambari moja, mwezini. Linahitajika jina la mtu."

Waliokuwapo wanasema uso wa Mheshimiwa ulipata nuru. Alikuwa na shahada saba ukutani, barabara moja yenye jina lake, na mzunguko wa magari uliokuwa mbioni kuitwa kwa jina lake. Lakini mtu mwenye kisima mwezini hakuwapo hata mmoja, katika mataifa yote.

"Binti huyu ana mambo mengi," alisema. "Tusimwongezee mzigo. Leteni kalamu."

Abu Fariz hakuileta kalamu mara moja. Alifungua kitabu chake cha plastiki. "Mheshimiwa, kabla hujatia saini, ni wajibu wangu kukusomea kifungu cha kumi na saba, kinachohusu mmiliki wa kisima chenye maji. Kinasema kwamba..."

"Abu Fariz."

"Naam."

"Unadhani wakubwa wa dunia walisimama kusomewa vifungu?"

"Sijui, Mheshimiwa. Hawakupita idara hii."

Mheshimiwa alicheka, akatia saini kubwa iliyovuka mstari, akaandika anwani yake ya Abdoun na nambari ya mita yake ya maji. Abu Fariz alipuliza wino, akapiga mihuri mitatu, akampa Wijdan nakala. Kisha akaandika pembeni kwa mwandiko mdogo: Mmiliki alitakiwa kusomewa, akakataa.

Alhamisi saa mbili asubuhi, keekee ya Saqqa ilifunguliwa lakiri kwa amri ya maandishi. Jua lilikuwa limebakia upana wa vidole viwili juu ya ukingo. Wijdan alituma amri, na amri hiyo ikaenda na jibu likarudi kwa muda wa mtu kuvuta pumzi moja. Sentimita tano. Kumi. Kwenye ishirini na mbili keekee ikakwama. Wijdan akairudisha nyuma nusu mzunguko, akaisukuma tena polepole. Thelathini. Arobaini. Saqqa akainua vumbi lake, akaliweka kwenye kikombe kidogo cha chuma, akalipasha moto, na kipimo kikanusa mvuke.

Ulikuwa mvuke wa maji. Yalikuwa maji yaliyokaa gizani tangu kabla ya mti wa kwanza kuota duniani, na sasa yalikuwa mstari mwekundu unaopanda kwenye kioo katika ghorofa ya chini ya wizara. Kwa hesabu ya Wijdan yalifika nusu kijiko cha chai. Alikaa sakafuni, akalia kwa furaha bila aibu, na mlinzi wa mlangoni, ambaye hakuelewa chochote, akalia naye.

Saa tano na robo kivuli kilimfikia Saqqa. Alituma kipimo kimoja cha mwisho, cha joto la betri, kisha akanyamaza. Wijdan alibaki ameshika kioo kwa mkono. Alimpenda yule Saqqa, na hakuona haya kusema hivyo kwa kila aliyemuuliza.

Sasa tufike kwenye sherehe, maana pasipo sherehe ugunduzi haujakamilika. Mheshimiwa alitangaza kwamba Alhamisi inayofuata angewaalika mabalozi na wakubwa mia mbili nyumbani kwake kwa mansaf, yaani kondoo na wali wa mtindi. Wakati huo ripoti ya Wijdan ilikuwa mezani pake ikingoja saini yake ili itumwe kwa wanasayansi wa dunia nzima. Mheshimiwa alisema ataitia saini baada ya karamu, ili habari zisigongane.

Abu Fariz naye hakuwa amekaa bure. Alipokea cheti cha Wijdan kwamba kisima kina maji, akakifungia ndani ya faili, akaendelea na hatua inayofuata, kama ilivyo kawaida.

Jumatano, siku moja kabla ya karamu, bomba la jiji linaloingiza maji nyumbani kwa Mheshimiwa lilikohoa mara mbili na kukauka.

Wijdan aliitwa ofisini kwa Mheshimiwa kwa haraka. Alimkuta Abu Fariz amekwisha kusimama mbele ya meza, kitabu mkononi.

"Nani amefunga koki yangu?" Mheshimiwa alinguruma.

"Kifungu cha kumi na saba, Mheshimiwa," alisema Abu Fariz kwa upole. "Mmiliki wa kisima kilichothibitishwa kuwa na maji huondolewa kwenye mgao wa jiji, ili zamu yake wapewe wasio na kisima. Vilevile ni marufuku kwa boza lolote lenye leseni kumpelekea maji, kwa kuwa anayo."

"Ninayo wapi?"

"Mita mbili na nusu kutoka ofisi ya Mhandisi. Ndivyo faili linavyosema."

"Nitampigia simu mtu wa koki sasa hivi!"

"Hairuhusiwi, Mheshimiwa. Mwaka jana ulitoa waraka kwamba mtu wa koki akipokea simu ya mkubwa afukuzwe kazi. Ulisifiwa sana. Hata mimi nilipiga makofi."

Mheshimiwa alikaa. Alifuta uso, akamgeukia Wijdan, na sauti yake ikawa ya asali. "Mwanangu Wijdan, cheti chako. Hebu tukiangalie upya. Nusu kijiko, kweli ni maji hayo? Andika kisima ni kikavu. Jambo dogo. Koki itafunguka, na mimi na wewe tunajua ukweli."

"Maji yapo, Mheshimiwa."

"Andika ni unyevunyevu."

"Unyevunyevu ni maji."

"Basi ripoti yako itakaa hapa." Alilipiga lile faili kwa kiganja. "Itakaa mpaka utakapoandika kikavu. Mwaka, miaka miwili, mimi sina haraka."

Miaka tisa ilikuwa chini ya kiganja kile. Saqqa alikuwa amekwisha kufa, hapakuwa na wa kurudi kupima tena, na ripoti ile ndiyo kitu pekee kilichobaki kwake. Angeandika neno moja tu angeipata kazi yake, lakini isingekuwa kazi yake tena.

"Siandiki," alisema. "Kakaushe kisima chako mwenyewe."

Hakuwahi kusema hivyo kwa waziri. Akatoka hadi ngazini, ambako Abu Fariz alimfuata akihema.

"Binti yangu, kipo kifungu cha ishirini," alisema. "Mmiliki anaweza kukikabidhi kisima kwa umma. Akikabidhi, anarudi kwenye mgao. Nimemwambia. Amesema afadhali anuke kuliko kugawana kisima na watu wa Nuzha."

Alhamisi wageni mia mbili walifika Abdoun, na Wijdan na Abu Fariz walikuwamo, kwa sababu majina yao yalichapwa kwenye kadi kabla ya ugomvi. Mheshimiwa alikuwa amepiga hesabu zake. Tangi la juu ya paa lilikuwa bado na maji, na yangetosha. Wapishi waliyatumia yote kuchemshia kondoo kumi na wanane, wali na mtindi mkavu, kwa maana hakuna aliyewaambia kwamba hayatarudi.

Masinia yalitandazwa bustanini. Mheshimiwa alitoa hotuba juu ya maji, ya dakika arobaini, na alipofika kwenye maneno "mimi, mmiliki wa kisima cha kwanza mwezini," mabalozi walipiga makofi. Kisha watu wakakunja mikono ya mashati, wakasimama kuzunguka masinia na kula kwa mkono wa kulia, kama inavyoliwa mansaf na kila mtu mwenye heshima zake. Walifinyanga matonge ya wali, mtindi ukawatiririkia hadi kwenye vifundo, mafuta ya kondoo yakang'aa kwenye pete za mabibi. Walishiba. Wakamshukuru Mungu. Wakaelekea kwenye mabomba ya kunawia.

Bomba la kwanza lilikohoa. La pili halikukohoa hata kidogo.

Foleni ikajipanga. Karatasi za kufutia ziliwafikia mabalozi thelathini wa mwanzo, zikawagandia vidoleni vipande vipande. Mabalozi walisimama kwenye majani mkono wa kulia umeinuliwa, wasijue pa kuuweka, na inzi wa Abdoun, ambao kwa kawaida wana adabu, wakaanza kuwasalimia. Bibi mmoja mzee, mke wa jenerali mstaafu, alimsogelea mwenyeji huku ameinyoosha mikono yake miwili inayometa.

"Abu Laith," alimwita kwa jina la mwanawe, kwa sauti iliyofika getini. "Hicho kisima chako kiko wapi? Tukanawe."

Mtu mmoja akacheka. Halafu wakacheka ishirini. Mpiga picha wa gazeti, ambaye alikula kwa kijiko, alikuwa na mikono safi na kamera tayari.

Mheshimiwa aliangaza huku na huku, akamwona Abu Fariz chini ya mzabibu, amesimama na mkoba wake. Akamvuta kando, pamoja na Wijdan. Jasho lilikuwa likimtiririka hadi kwenye mtindi uliomganda mikononi.

"Ipo hapa hiyo fomu ya kukabidhi?"

"Ninatembea nayo tangu jana, Mheshimiwa."

"Lete! Mtu wa koki yuko wapi?"

"Yuko getini. Nimemwomba asiende mbali. Fomu ikikamilika, anafungua hapohapo."

"Na ripoti yangu," alisema Wijdan. "Ripoti kwanza, kama ilivyo. Kisima cha umma ni lazima umma uambiwe kina nini."

Mheshimiwa alimtazama kwa chuki, akautazama mkono wa bibi wa jenerali uliokuwa ukikaribia tena, akamtuma msaidizi ndani. Ripoti ikaja. Akaitia saini kwa kuegemea mgongo wa msaidizi, na vidole vyake vikaacha alama tano za mafuta juu ya ukurasa wa kwanza, moja kando ya neno barafu. Wijdan aliikunja ilivyo, akaiweka kifuani ndani ya koti. Sayansi haina kanuni juu ya mafuta ya kondoo.

Kisha Mheshimiwa akainyakua fomu ya kukabidhi, akatia saini mara mbili ili iwe na nguvu, akaisukuma kwa Abu Fariz. "Haya! Mwambie afungue!"

Abu Fariz aliishika fomu kwa ncha za vidole viwili. Aliiinua kwenye mwanga. Mtindi ulikuwa umefunika nambari ya mita, na punje moja ya wali ilikuwa imekaa juu ya nafasi ya muhuri. Alitikisa kichwa kwa masikitiko ya kweli, akairudisha.

"Nyaraka zenye madoa hazipokelewi, Mheshimiwa," alisema. "Fomu mpya ninayo. Tafadhali nenda kanawe mikono kwanza, halafu uje utie saini."